Mawe ya Bucha Chini ya Kamera

Wiki jana mliniacha tao, kwa kibanda cha kamera za mtumba, ghorofa ya tatu, nimefungwa vesti ya chuma kifuani, mkono ya springi imefyatuka kutoka kwa kiuno yangu, na kamera yangu inapaa direct kwa meno ya Waweru.

Haikumgonga.

Waweru aliidaka na mkono moja. Akaishikilia hapo hewani. Akaangalia kamera. Akaniangalia mimi.

"Kaloki, hii kitu umenunua?"

"Nimenunua."

"Umeshalipa?"

"Nimelipa."

"Rudisha."

"Sirudishi, bosi."

Mwenye kibanda hata hakuinua macho kutoka kwa simu. "Na akirudisha sipokei," akasema.

Kama umeingia leo, wacha nikupange haraka. Mimi ni kijana wa mtaa wa Jamhuri, nimemaliza Form Four mwaka jana. Waweru ana kampuni ya video, anashuti harusi za watu wa Kitisuru, na mimi humbebea viti na taa. Na hiyo kitu nilikuwa nimevaa inaitwa stabilaiza ya mwili. Unajifunga vesti. Mkono ya chuma inatoka kwa vesti, ndani iko na springi. Mwisho wa mkono kuna fimbo imesimama, kamera juu, uzito chini. Wewe unatembea unaruka ruka, kamera inateleza tu kama iko kwa maji. Ya maana inaletwa na ndege. Yangu ni mtumba, niliuza baiskeli ndio nikaipata, na nilikuwa nimekaa nayo dakika tatu.

"Hii si stabilaiza," Waweru akasema, na sasa floor nzima ilikuwa inasikiza. "Hii ni manati. Mtoi amenunua manati!"

Watu wakacheka. Mwenye kibanda pia akacheka, na yeye ndiye aliniuzia.

Mtu mmoja tu hakucheka. Wahu.

Wahu alikuwa mteja wa Waweru. Anakaa Kitisuru, anafanya kazi ya ofisi, lakini kwao ni Mutuini, kwa shamba ya babake, na ruracio yake ilikuwa Jumamosi. Yaani ile siku watu wa bwana wanakuja kuongea mahari. Alikuwa ameletwa tao achague taa. Akaacha taa, akakuja akanizunguka, akagusa ule mkono wa chuma na kidole.

"Hii inaweza kutembea na mtu kutoka geti mpaka mwisho? Bila kukata?"

"Wahu, tuliongea hiyo maneno," Waweru akasema. "Kwenu ni mteremko. Ni matope. Mimi na mashine yangu ya mkononi, mkono utachoka. Nitakata mahali tatu, niunganishe, na hutajua."

"Mimi nitajua."

"Hakuna mtu anaangalia ruracio teki moja, dakika arobaini!"

"Ni yangu. Nitaangalia." Akanigeukia. "Wewe unaweza?"

Manze. Mkono bado ulikuwa umeelekea dari. Sikuwa nimejua hata kuushusha.

"Naweza," nikasema.

Waweru akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. Halafu akatabasamu ile tabasamu yake ya kukata mtu. "Sawa. Jumamosi kuja na manati yako. Ikishika teki moja, nakupea kamera ya pili, kazi ya kudumu. Ikiruka mara moja, mara moja tu Kaloki, hata viti zangu hutawahi beba tena."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Na kuna kitu sikumwambia. Nyumbani nilikuwa nimekubaliana na mathe: kama hii mambo ya kamera haitakuwa kazi ya kweli kufikia wikendi, Jumatatu asubuhi naripoti chuo cha ualimu. Fomu imejazwa. Godoro imenunuliwa. Imekunjwa, imesimama nyuma ya mlango, inaniangalia kila nikipita.

*

Mathe anaitwa Kanyiva, na hushona mabegi za shule hapo kwa nyumba. Nilipoingia nimevaa hiyo vesti, aliacha cherehani.

"Kaloki. Baiskeli iko wapi?"

"Mum, nikueleze."

"Umeuza baiskeli ukanunua kiti ya daktari wa meno?"

Kaka yenu nikaacha kueleza. Nikaenda kwa fundi wa bodaboda hapo nje. Akaangalia mkono, akasema springi zimechoka ndio maana inaruka, weka ngumu. Na mimi pia nikaona ni maneno ya akili. Akaniwekea springi za pikipiki.

Nikarudi kwa nyumba, nikavaa, nikaweka kamera, nikaachilia.

Mkono ukaenda juu na hasira. Balbu ya jikoni ikapasuka.

Mathe aliacha cherehani tena. Alichukua ufagio, akafagia vioo zote, halafu akanitolea pesa kwa leso. "Enda ulete nyama nusu. Kabla uvunje sufuria."

Sikizeni sasa, hapa ndio stori iligeuka. Niko Dagoretti Corner, kwa bucha, na mwenye bucha anatupa nyama kwa ile mizani ya kuning'inia. Nyama inaenda chini, inarudi juu kidogo, inatulia. Tulii. Mshale unasimama hapo nusu bila kutetemeka. Akatoa kipande, ikapanda pole pole, ikatulia tena.

"Buda," nikamuuliza, "hiyo springi nani hukutengenezea?"

"Mzee Mutiso. Hapo nyuma. Kwani unataka nyama ama springi?"

Mutiso ni mzee wa mizani. Amekaa nyuma ya hizo bucha tangu hata mathe hajaolewa, na miwani yake imefungwa na waya. Nikamwekea stabilaiza kwa meza. Hakuigusa. Aliuliza swali moja.

"Kamera yako ni kilo ngapi?"

Nikaipima kwa mkono.

"Umenunua mkono wa kubeba mzigo, na hujui mzigo ni kilo ngapi?"

"Ilikaa poa, mzee."

"Ilikaa poa!" Akaita watu wa bucha waje waone. "Nyinyi vijana wa Nairobi mnanunua kitu kubwa ndio muonekane wakubwa. Lete hiyo kamera."

Tukaining'iniza kwa ndoano ya nyama. Kilo moja na robo, na lenzi yake. Mutiso akabonyeza ule mkono na kidole gumba, akasikiza vile chuma inalia, akasema, "Hii ilitengenezewa kilo saba. Ndio maana inakurukia. Haijachoka hata kidogo. Inakudharau. Na huyo wa pikipiki akaiongezea nguvu!"

"Kwa hivyo ninunue kamera kubwa?"

"Nani amesema ununue? Shika hapa."

Alitoa springi zote za pikipiki, akazitupa kwa ndoo. Akarudisha za kwanza, lakini kwa kila kipande cha mkono akaweka moja badala ya mbili. Halafu akainama chini ya meza, akatoa mawe ya mizani, yale ya chuma nyeusi ambayo bucha hazitumii tena. Moja imeandikwa 1 KG. Nyingine pia 1 KG. Akayatoboa, akayafunga na bolti chini ya ile fimbo.

"Mzee, hiyo si inakuwa nzito?"

"Kitu nyepesi hutetemeka na upepo. Kitu nzito huchelewa kushtuka. Wacha ichelewe." Akalaza fimbo kama mtu analala. "Sasa achilia, uhesabu."

Nikaachilia. Ikasimama mbio, ikapitiliza, ikayumba kama kengele ya kanisa.

"Mawe yako chini sana." Akayapandisha kidole moja. Tena. Ikayumba. Tena. Mara ya sita nikaachilia, nikahesabu moja, mbili, na kamera ikawa imesimama wima, imetulia kama ule mshale wa nusu kilo.

Mutiso akavua miwani. "Sasa tembea."

Nikatembea katikati ya zile bucha, juu ya mifupa na maji ya damu, nikaruka mtaro, nikarudi. Tukaangalia skrini wote, na watu wa bucha wamejazana nyuma yetu.

Hakuna mtu alicheka.

Shida ilibaki moja. Vesti ilikuwa ya mzungu mnene. Mimi ni mwembamba, kwa hivyo mkono ulikuwa unanivuta upande. Nilifika nyumbani nikapata mathe amekaa, ameshika kanda za begi na sponji.

"Vua."

"Mum?"

"Vua hiyo kitu nikupunguzie."

"Si ulisema niende chuo?"

"Bado nasema. Nakushonea ndio ukifeli usiniambie ni vesti."

Alishona mbavu zote mbili, akaweka mikanda ya begi za shule na vifungo vyake. Kwa bega la kushoto kukabaki mfuko mdogo wa kuweka rula. Nilipojifunga, ilinishika kama ngozi.

*

Jumamosi, Mutuini, saa nne asubuhi. Usiku ilikuwa imenyesha. Kutoka geti mpaka kwa hema ni mteremko wa udongo nyekundu, migomba upande moja, mtaro upande ingine.

Waweru aliona mawe akashika tumbo. "Wasee, kujeni! Kaloki ameleta kilo mbili za matumbo!"

"Bosi, wewe cheka tu," nikamwambia. "Ukimaliza utanionyesha mahali pa kusimama."

Akaacha kucheka. Hakuwa amezoea hiyo sauti kutoka kwangu. Hata mimi sikuwa nimeizoea.

Bwana anaitwa Nzau, Mkamba kama mimi, amekuja na vijana watano wa kwao, wote suti za bluu, viatu za kung'aa. Wamama wa Mutuini wamefunga geti, wanaimba, watu wa Nzau wanajibu kutoka nje. Nikabonyeza. Ile doa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Geti ikafunguka na mimi nikaingia nao, nikitembea nyuma nyuma kwa matope.

Sikizeni, mguu wangu uliteleza mara mbili. Mara mbili goti ilikaribia chini. Kamera haikujua. Niliona kwa skrini: Nzau anashuka na watu wake na picha inateleza mbele yao, laini, hadi shosho mmoja, nyanya wa huko, akauliza, "Huyo kijana amevaa mzani wa nini?" na hata yeye akaingia kwa picha vizuri.

Dakika ishirini. Dakika thelathini. Mgongo unawaka. Waweru ananifuata na kamera yake, anangoja niruke. Siruki.

Ikafika ile sehemu ya kuchagua. Wasichana saba wakatolewa kwa nyumba, wamefunikwa leso kutoka kichwa mpaka miguu, hata vidole huoni. Nzau anatakiwa aonyeshe bibi yake ni nani. Akikosea, anapigwa faini. Nikamfuata. Akapita wa kwanza, wa pili, anaangalia urefu, anaangalia vile wamesimama. Akafika mwisho, akarudi.

"Hayuko hapa," akasema.

 Bibi ametoroka! Na mimi niko hapa nashuti!

Nikageuka, nikaona Waweru ameshusha kamera, amezima, anakunywa maji. Watu wake wa kamera pia wamezima. Sikuelewa. Baadaye ndio nilikuja kujua kwamba kwa kabila la Waweru na Wahu hiyo ni mchezo ya kawaida: raundi ya kwanza bibi hawekwi, ni ya kusumbua bwana tu, kwa hivyo wapiga picha hupumzika. Mimi ni Mkamba wa Jamhuri. Ningejulia wapi? Kwa ujinga wangu nikaendelea kushuti.

Kwa hivyo kamera yangu pekee ndiyo ilikuwa inawaka wakati mlango wa nyumba ulifunguka na Wahu akatoka.

Hajafunikwa. Amevaa gauni yake ya sherehe na gambuti za shamba, zile viatu za mpira, na amebeba rundo la leso kwa bega. Akanitafuta na macho. Akaniona.

"Iko on?"

"Iko on. Sijakata."

"Usizime." Akageukia watu. "Mimi sitafunikwa. Mimi nina macho pia. Wanaume, kujeni laini. Leo nachagua mimi."

 Mashangazi wakapiga vigelegele mpaka kuku zikatoroka. Nzau akacheka, akavua koti, akaingia laini wa kwanza. Vijana wake watano wakamfuata, wanasukumana mpaka yeye akawa wa tatu. Wahu akawafunika mmoja mmoja. Nilipita na kila mmoja, polepole, sura halafu leso. Sita. Nilihesabu na mdomo: sita.

Babake akasimama kwa hema. "Wahu! Ni nini hii?"

Kamera ikageuka na mimi, ikamchukua mzee, ikachukua wazee wote na fimbo zao, ikazunguka mzima mzima ikarudi kwa laini. Sekunde kumi hivi.

Wahu alikuwa ameanza kutembea. Hakuangalia urefu. Aliangalia viatu. Kiatu ya kung'aa. Kiatu ya kung'aa. Hapo wa tatu ni Nzau, hata mimi namjua, soli imejaa udongo. Wahu akasimama mbele yake. Vigelegele zikaanza.

Akampita.

Vigelegele zikakatika. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Nikangoja laini iishe.

Haikuisha.

Kwa skrini kulikuwa na leso ya saba. Na chini yake, gambuti nyeusi, matope bado mbichi.

"Zima." Waweru alikuwa nyuma yangu, mdomo kwa sikio. "Kaloki, mzee amesema zima."

Nikaendelea kushuti.

"Zima na kazi ni yako. Kamera ya pili, leo, naapa. Teki yako ni safi, nimeiona, umeshinda. Zima tu."

Nyinyi hapo mnanisoma, nataka mjue nilifikiria. Nilifikiria godoro nyuma ya mlango. Kidole ilikuwa hapo kwa kitufe. Kitu nilitaka wiki nzima, mtu alikuwa ananipea kwa sikio, na sikutakiwa kufanya kitu yoyote ila kubonyeza.

Wahu hakugeuka. "Uliniambia unaweza," akasema.

Waweru akashika mawe. Nikasikia vile uzito ulivutwa chini, springi za Mzee Mutiso zikalia, picha ikataka kuinama.

"Ukiendelea, Jumatatu utafute kazi kwingine," akasema. "Na hakuna harusi Nairobi hii utaingia. Nitahakikisha."

"Bosi," nikamwambia, "toa mkono kwa mizani yangu."

Nikapiga hatua mbele. Mshono wa mathe ukashika. Yeye akavuta, mimi nikaenda, na kamera ikapanda polepole, ikatulia, ikasimama hapo kwa leso ya saba bila kutetemeka. Doa nyekundu bado inawaka.

Chini ya leso ya tatu Nzau akauliza, "Wahu? Mbona kumenyamaza?"

Wahu akashika pindo, akavuta.

Uso ukatoka. Wa nani, nitawaambia wiki ijayo.

Na mtu wa kwanza kupiga nduru hapo Mutuini hakuwa Nzau, na hakuwa babake Wahu. Alikuwa Waweru.